Lugha ya Nyumbani na Kiingereza Chako kwenye Fomu za Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na familia zinazozungumza Kiswahili huku Marekani, Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi na wengineo, pale bahasha ya sensa inapofika au mtoto anapoandikishwa shule. Majibu ni ya Marekani tu. Aliye Kanada au Uingereza ana fomu zake na taratibu zake.

## Mambo ya kwanza kujua

Nani anataka kujua nyumbani kwangu tunazungumza lugha gani?

Wako wawili, na wengi huwachanganya. Wa kwanza ni Ofisi ya Sensa, kupitia utafiti uitwao American Community Survey. Kwenye bahasha utaona herufi ACS. Wa pili ni shule ya mtoto, ambayo humpa mzazi karatasi ya lugha ya nyumbani siku ya kuandikisha.

Karatasi hizo mbili hazijuani. Ulichomwandikia mwalimu hakifiki sensa, na ulichowaandikia sensa mwalimu hakioni. Hospitali na mahakama nazo huuliza lugha, lakini wao wanataka kujua wamwite mkalimani gani, basi.

ACS ndiyo ile sensa ya kila miaka kumi?

Hapana. Sensa ya 2020 haikuuliza lugha kabisa. Swali hili kwa sura yake ya sasa lilianza mwaka 1980, kwenye fomu ndefu waliyopewa baadhi ya watu tu, likarudi 1990 na 2000. Kisha fomu ndefu ikaachwa na ACS ikashika nafasi yake. Hii haingoji miaka kumi. Hutumwa mwezi hadi mwezi kwa anwani zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, jumla yake kama 3,500,000 kwa mwaka. Ndiyo sababu wewe umeipata na jirani yako hajui unazungumzia nini. Anwani moja haichaguliwi zaidi ya mara moja ndani ya miaka mitano.

Kuna jambo lililowapoteza wengi. Mwaka 2020 Ofisi ya Sensa ilitoa miongozo ya kujaza fomu kwa lugha 59 zisizo Kiingereza, Kiswahili kikiwamo. Walioiona wakaamini kwamba sasa Wamarekani wanajua tuko wangapi. Mwongozo ule ulikuwa wa kusaidia kujaza; haukuhesabu mzungumzaji hata mmoja.

Maswali yenyewe yanasemaje?

Ni matatu, na yanamhusu kila mtu wa nyumba aliyetimiza miaka 5. Je, mtu huyu huzungumza lugha isiyo Kiingereza nyumbani? Kama ndiyo, ni lugha gani? Na je, Kiingereza anakizungumza vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hakijui kabisa?

Anayejibu "hapana" kwenye la kwanza haulizwi mengine mawili. Hapo ndipo watu wetu wanapopotea kwenye hesabu, kwa sababu wengi huweka "hapana" haraka haraka wakidhani wanaulizwa kama wanajua Kiingereza.

Nikijibu, watu wa uhamiaji watapata majibu yangu?

Sheria ya sensa inakataza. Jibu la nyumba yako haliruhusiwi kutolewa kwa polisi, kwa mwenye nyumba, kwa mahakama wala kwa idara ya uhamiaji. Mfanyakazi wa sensa hula kiapo cha maisha, na akivujisha anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini ya hadi dola 250,000. ACS huuliza kama mtu ni raia wa Marekani au si raia. Haiulizi kama ana karatasi za kukaa nchini.

Woga wenyewe naufahamu. Aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma anajua kuhesabiwa kuna maana gani: orodha ndiyo mgao, na jina likikosekana mmelala njaa. Huku orodha haikupi kitu mkononi, kwa hiyo mtu anajiuliza wanaitakia nini. Inatumika kugawa fedha na kupanga huduma kwa eneo zima, na matokeo yake huyaoni mlangoni pako.

Tahadhari moja tu: mtu wa sensa haombi namba yako ya Social Security, namba ya benki, wala pesa. Akiomba, huyo ni tapeli.

Ni lazima nijibu?

Kisheria ndiyo. Usipojibu watakukumbusha kwa barua, na wanaweza kupiga simu au kuja nyumbani. Fomu ya mtandaoni iko kwa Kiingereza na Kihispania. Kiswahili hakimo, ila unaruhusiwa kusaidiwa na mtu unayemwamini.

## Kuandika jina la lugha

Nyumbani tunachanganya: Kiswahili na mume wangu, Kibembe na mama mkwe, Kiingereza na watoto. Niandike ipi?

Kila mtu ana sehemu yake kwenye fomu, kwa hiyo usitafute lugha moja ya nyumba nzima. Mama mkwe ataandikiwa Kibembe. Wewe andika ile unayoizungumza zaidi ukiwa nyumbani ukiacha Kiingereza. Ukishindwa kupima ipi ni zaidi, andika uliyojifunza kwanza ulipokuwa mtoto. Kiingereza hakiingii kwenye mashindano haya. Hata kama mchana kutwa mnaongea Kiingereza na watoto, Kiswahili chako cha jioni kinatosha kujibu "ndiyo".

Tulisoma kwa Kifaransa. Si bora niandike Kifaransa?

Kama hukizungumzi nyumbani, hapana. Swali haliulizi ulisomea lugha gani wala lugha ipi ina heshima. Hili nalikazia kwa sababu ndilo kosa ninaloliona sana kwa ndugu zetu wa Kongo. Kifaransa kina safu yake kwenye majedwali ya sensa, na humo mmewekwa pamoja na Wafaransa wa Louisiana. Mama wa Fizi, huko Kongo, ambaye Kifaransa chake kiliishia "bonjour" anakuwa ameongeza idadi ya wazungumzaji wa Kifaransa na kupunguza ya Kiswahili, na anayepanga huduma kwa kutazama jedwali hilo ataajiri mkalimani ambaye mama huyo hamwelewi.

Usiandike pia "African" au "Congolese". Hizo si lugha, na unamwachia anayesoma fomu abahatishe. Andika Swahili, Kinyarwanda, Kirundi, Lingala, Kibembe, Kifuliiru, lugha yenyewe kwa jina lake.

Watoto wananielewa nikisema Kiswahili, lakini wananijibu kwa Kiingereza. Nao ni "ndiyo"?

Swali linauliza kuzungumza, na kuelewa hakumo. Mtoto ambaye Kiswahili chake ni "shikamoo" na "asante" ni "hapana". Maelekezo ya sensa yanasema maneno machache hayahesabiwi. Anayeongea na bibi yake, hata kama ni mara mojamoja, ni "ndiyo". Kuna wazazi wanaojaza kwa matumaini kuliko kwa ukweli. Siwalaumu, lakini fomu haifundishi mtoto lugha.

Kusema tuna lugha nyingine si ni kujitangaza kwamba hatujui Kiingereza?

La. Mwaka 2019 karibu watu milioni 68 nchini Marekani, zaidi kidogo ya mmoja katika kila watano wenye miaka 5 na kuendelea, walizungumza lugha nyingine nyumbani. Mwaka 1980 walikuwa milioni 23. Zaidi ya nusu ya hao wa 2019 walisema Kiingereza wanakizungumza vizuri sana. Wahispania peke yao, yaani wanaozungumza Kihispania, walikuwa kama milioni 42. Kuwa na lugha mbili ni jambo la kawaida kabisa kwenye takwimu hizi.

## "Vizuri" na "vizuri sana"

Kuna tofauti gani hasa kati ya majibu hayo mawili?

Kwenye karatasi ni kisanduku kimoja pembeni ya kingine. Kwenye hesabu ni ukuta. Wote walio chini ya "vizuri sana" huwekwa kundi moja, la wenye Kiingereza kidogo. Aliyejibu "vizuri" yuko humo pamoja na asiyejua hata neno. Nchi nzima kundi hilo lina watu kama milioni 25.

Kwa hiyo pima vizuri kabla ya kuweka alama. Hakuna mtihani; unajipima mwenyewe. Sensa haitoi kipimo, ila mimi huwaambia watu hivi: ukipigiwa simu na kampuni ya bima kuhusu bili usiyoielewa, unaweza kubishana nao mpaka mwisho bila kumwita mtu? Ukiweza, hiyo ni "vizuri sana". Kuagiza chakula na kusalimiana na bosi hakutoshi.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, au Mtanzania mwenye shahada, anaweka "vizuri" kwa sababu kazini wanamwomba arudie alichosema. Lafudhi haiulizwi popote kwenye fomu.

Binti yangu ndiye anayejaza fomu zote. Kuna ubaya?

Kujaza hakuna ubaya. Tatizo ni pale anapompimia mama yake Kiingereza. Wengine humwonea mama aibu na kumpandisha. Wengine, waliochoka kutafsiri kila barua, humshusha. Kila mtu mzima aulizwe kwa mdomo, naye binti aandike jibu alilopewa.

Nimesoma mahali kuhusu "nyumba zenye Kiingereza kidogo". Ni zipi hizo?

Ni nyumba ambayo hamna hata mtu mmoja wa miaka 14 au zaidi anayezungumza Kiingereza tu au anayekizungumza vizuri sana. Soma tena umri huo. Kijana wa miaka 15 aliyesoma hapa tangu darasa la tatu anaiondoa nyumba yote kwenye orodha, hata kama baba, mama na bibi hawawezi kusoma barua ya umeme.

Kwa nyumba zetu hiki ni kipimo kibovu. Kinamchukulia mtoto kama mkalimani wa familia na kuliita hilo suluhisho. Ukiona mji unajisifu kwamba nyumba za namna hiyo ni chache, tafuta pia idadi ya watu mmoja mmoja walio chini ya "vizuri sana". Humo bibi bado yumo.

## Kutafuta takwimu

Nimetafuta Kiswahili kwenye takwimu za mji wangu, sikukiona. Kwa nini?

Kwa sababu Kiswahili hakina safu yake peke yake hata kwenye jedwali refu. Tangu 2016 kimewekwa kwenye kundi la "Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini". Humo kuna Kinyarwanda, Lingala, Kishona, Kizulu na nyingine. Kisomali na Kiamhari viko kundi jingine, na Kiyoruba, Kitwi na Kiigbo jingine tena. Kabla ya hapo lugha za Afrika zilikuwa zimerundikwa pamoja zaidi.

Jedwali hilo refu namba yake ni B16001. Lile fupi, C16001, ambalo ndilo watu wengi hufungua kwa sababu linapatikana hata kwa maeneo madogo, limemwaga Kiswahili kwenye kapu la "lugha nyinginezo na zisizotajwa". Ukiangalia hilo utadhani hatupo.

Jambo jingine ni ukubwa wa mahali. Takwimu za mwaka mmoja hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi. Madogo kuliko hapo hupata wastani wa miaka mitano. Na kwa kuwa hii ni sampuli, kila namba huja na namba ya pili pembeni inayoonyesha inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi gani. Kwa lugha yenye watu wachache, namba ya pembeni huweza kukaribia namba yenyewe. Usiende kwenye kikao cha halmashauri ukaapa kwa tarakimu kama hiyo.

Ukitaka picha iliyo karibu zaidi na ukweli, omba wilaya ya shule orodha ya lugha za nyumbani za wanafunzi. Wao huhesabu mtoto kwa mtoto. Upungufu wake ni kwamba wasio na watoto shuleni hawamo.

Kwani tuko wengi kiasi cha kuhesabiwa?

Mwaka wa fedha wa 2019 Marekani ilipokea wakimbizi 30,000, na karibu 13,000 kati yao walitoka Kongo ya Kinshasa, wengi wakipitia makambi ya Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kenya, ambako hata asiyezaliwa na Kiswahili hukipata. Leo kuna Wakongo wengi Louisville na Lexington huko Kentucky, Dayton, Boise, Houston na Phoenix. Ongeza Wakenya na Watanzania waliotangulia.

## Shuleni

Kwa nini shule ilitaka kujua lugha ya nyumbani?

Kwa sababu ya kesi ya Lau na Nichols. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule za San Francisco zilizowaweka watoto Wachina darasani bila kuwasaidia Kiingereza zilivunja Sheria ya Haki za Raia ya 1964. Kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa kama haelewi kinachosemwa. Kwa hiyo mzazi akitaja lugha isiyo Kiingereza, mtoto hupimwa, na akiwa chini ya kiwango hupewa masomo ya ESL, yaani ya Kiingereza kwa mwenye lugha nyingine.

Watu wanasema niandike Kiingereza tu, ili mtoto asiwekwe ESL. Nifanye hivyo?

Usifanye. Ushauri huu unazunguka sana makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp, na unaowaumiza ni watoto waliofika wakiwa na miaka 12 au 13. Ukiandika Kiingereza, shule haina sababu ya kumpima, naye atakaa nyuma ya darasa la sayansi akitabasamu. Akifeli watasema ni mvivu, au ana tatizo la kujifunza.

Kama hupendi masomo hayo, una haki ya kuyakataa. Shule inatakiwa kukutumia barua ya maelezo ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, nawe unajibu kwa maandishi. Jua tu kwamba hata ukikataa, mtoto ataendelea kufanya mtihani wa Kiingereza kila mwaka mpaka afikie kiwango.

Mwanangu anaongea Kiingereza kama Mmarekani. Mbona kila mwaka anafeli mtihani huo?

Majimbo mengi hutumia mtihani wa WIDA, wenye sehemu nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na alama za 1 hadi 6. Kiingereza cha uwanjani mtoto hukipata haraka. Cha kuandika insha ya historia huchukua miaka. Omba karatasi ya matokeo uone ni sehemu ipi inamrudisha nyuma. Mara nyingi ni kuandika. Kuacha Kiswahili nyumbani hakutaitibu sehemu hiyo, ingawa bado wapo walimu wanaoshauri hivyo.

Mtoto kazaliwa hapahapa. Naye apimwe?

Ndiyo, kama lugha ya nyumbani si Kiingereza. Mahali pa kuzaliwa hapaangaliwi. Wala shule haina ruhusa ya kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Hilo lilikatwa na kesi ya Plyler na Doe mwaka 1982.

## Hospitali, kura na uraia

Daktari alimwambia mwanangu wa miaka 11 anitafsirie. Ni sawa?

Si sawa, isipokuwa ni dharura ya kuokoa maisha na mkalimani hajapatikana. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bure, ana kwa ana, kwa simu au kwa video. Sema neno moja, "interpreter", kisha "Swahili". Huna haja ya kueleza zaidi.

Mkalimani wa Kiswahili alikuja, lakini hatukuelewana. Nitasemaje?

Omba mwingine, na useme "Congolese Swahili" kama wewe ni wa Bukavu, Uvira au Lubumbashi. Kiswahili cha huko na cha pwani hugongana mahali pabaya. Mwanamume wa Kongo akisema bibi yake ana mimba, anamsema mke wake. Mkalimani wa Dar es Salaam akimtafsiria daktari kwamba nyanya wa mgonjwa ni mjamzito, kuna faili litaandikwa maajabu. Kama lugha yako ya moyoni ni Kinyamulenge au Kirundi, sema hiyo. Hulazimiki kukubali Kiswahili kwa sababu tu ndicho walichonacho karibu.

Kiingereza kilitangazwa kuwa lugha rasmi. Huduma za ukalimani zimekwisha?

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri hiyo, na ikafuta amri ya Rais Clinton ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu kuwahudumia wenye Kiingereza kidogo. Amri mpya haikuzilazimisha idara kuacha huduma. Imewaachia wakuu wake waamue. Basi utakuta ofisi moja bado ina mkalimani na nyingine haina. Sheria ya 1964 iliyotajwa kwenye swali la shule haikufutwa, maana amri ya rais haifuti sheria ya Bunge.

Mbona karatasi za kura zipo kwa Kihispania na Kichina, na Kiswahili hakuna?

Hata tungekuwa wengi mara kumi, zisingekuwapo kwa sheria hiyo. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1975, kinazitaja jamii za Kihispania, za Asia, za Wahindi Wekundu na za wenyeji wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo. Kata au mji unaweza kutafsiri kwa hiari yake, na hapo takwimu za lugha ndizo zinazoshawishi.

Raia asiyeweza kusoma Kiingereza anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ila asiwe mwajiri wake wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi.

Baba ana miaka 62 na Kiingereza hakimwingii. Anaweza kuwa raia?

Akiwa na miaka 55 na zaidi, na amekaa na green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, miaka 15, hafanyi mtihani wa Kiingereza. Kwa mwenye miaka 50 na zaidi, inatakiwa miaka 20 ya green card. Maswali ya historia na serikali atayajibu bado, lakini kwa Kiswahili, kupitia mkalimani anayekuja naye. Aliyefika miaka 65 akiwa na green card kwa miaka 20 hupewa orodha fupi zaidi ya kusoma. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake unamzuia kujifunza anaweza kujaziwa na daktari wake fomu N-648, ya kuomba asamehewe mtihani.

Kwa mkimbizi, tarehe ya green card hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Angalieni tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe kabla ya kuhesabu miaka, kwa sababu wengi huanza kuhesabu kuanzia siku kadi ilipofika kwa posta na kujiongezea mwaka mzima wa kungoja bure.